Kisu cha Ala kwa Mwenye Kitambi: Pa Kukiweka na Namna ya Kukifunga

Mtu mwembamba hutia kisu mkandani, kwenye nyonga ya kulia, akasahau kama anacho. Mwenye mwili akifanya vivyo hivyo, akikaa tu kwenye ubao wa mashua mpini unamchoma ubavuni, ncha ya ala inasukumwa juu na kikalio, mkanda unapinduka nje, na kabla ya adhuhuri kisu kimeshavuliwa kikatupwa kwenye ndoo ya chambo. Kisu kilicho ndooni hakimfai mtu aliyenaswa mguu na kamba ya nanga.

Chanzo cha tabu ni kimoja. Mstari wa mkanda ndipo mwili unapojikunja, na mwenye kitambi mkunjo wake una nyama nyingi. Chochote kigumu kilichosimama wima kuvuka mstari huo kitabanwa kila akikaa, akiinama au akichutama. Kwa hiyo kisu kikae chini ya mkunjo au juu yake, kisivuke mstari wenyewe. Mengine yote humu ni namna ya kulifanya hilo.

Kisu kinachozungumziwa ni kile cha kazi kisichokunjwa, cha watu wa pwani ya Kenya: cha mvuvi wa Shela au Kizingitini, cha fundi wa vyombo wa Matondoni, cha mkulima wa Hindi na Witu, cha mpara samaki wa Malindi na Mayungu. Panga halimo, na kotama ya mgema ina mambo yake kwa kuwa inapandishwa mnazi.

Jipime kabla ya kununua au kushona

Vaa nguo zako za kazi, mkanda ukae pale unapokaa kila siku, si pale unapotamani ukae. Tafuta tepu ya fundi cherehani na mtu wa kukushikia.

Kwanza, simama akutazame kwa ubavuni. Wanaume wenye kitambi wako namna mbili. Kuna wanaofunga mkanda juu, karibu na kitovu, tumbo likiwa la duara na gumu. Na kuna wanaofunga chini ya kitambi, mkanda ukashuka mbele na kupanda nyuma. Hawa wa pili ndio wengi, na ndio wanaoteseka zaidi, maana mkanda ulioinama mbele huilaza ala upande na kuupeleka mpini kwenye nyama za kiuno.

Pili, kaa kwenye kiti kigumu kifupi au ubao. Pima ubavuni, kutoka ukingo wa chini wa mkanda hadi pale unapokalia. Ukipata sentimita 14, ala yoyote inayoshuka wima zaidi ya 14 itagonga kikalio na kupanda. Ukiwa bado umekaa, pima kutoka ukingo wa juu wa mkanda hadi pale nyama au ubavu unapoanza kuulalia. Mara nyingi hapo hapazidi vidole viwili, na wengine hawana hata kidole kimoja. Hiyo ndiyo nafasi ya mpini. Ala za kawaida za dukani huacha mpini wa sentimita 8 hadi 10 juu ya mkanda, basi utaona mwenyewe kwa nini unachomwa.

Tatu, simama tena, teremsha macho bila kujipinda. Sehemu ipi ya mkanda unaiona? Wengi hawaioni hata bizimu. Hili lina uzito kuliko maumivu yote, kwa sababu ajali nyingi za kisu cha kiunoni hutokea wakati wa kukirudisha alani, wala si wakati wa kukichomoa. Usipouona mdomo wa ala, unatafuta tundu kwa ncha ya chuma karibu na paja lako.

Kisu chenyewe

Mtu mkubwa huvutiwa na kisu kikubwa. Ajizuie. Ubao wa kisu, yaani chuma chenye makali, wa sentimita 9 hadi 11 unakata kamba, mshipi, wavu, unapara samaki na kuchonga kigingi. Mpini wa sentimita 11 au 12 unaujaza mkono mnene. Jumla isizidi 23. Visu vya Mora vya Uswidi, vile vya mpini wa plastiki, viko katika kipimo hicho hicho, na ni vyepesi. Kisu pamoja na ala yake kikizidi gramu 200, utaanza kuukaza mkanda ili usishuke, na kuukaza mkanda kuna madhara yake.

Kuna mshipa wa fahamu unaopita mbele ya mfupa wa nyonga na kushuka kwenye ngozi ya nje ya paja. Mkanda mkali chini ya kitambi, ukiongezwa uzito upande mmoja, huubana. Dalili zake ni ganzi, kuwashwa au mwako upande wa nje wa paja, huku mguu ukiwa na nguvu zake. Ukiona hivyo, legeza mkanda na uhamishe uzito mabegani siku hiyo hiyo. Ganzi isipopungua baada ya wiki chache, au mguu ukianza kulegea, nenda kwa daktari.

Kwa kazi za baharini ncha butu ni bora kuliko ncha kali. Kukata kamba hakuhitaji ncha, na chombo kikiyumba wewe ukimwangukia mwenzako, ncha butu humwacha mzima. Fundi yeyote mwenye tupa anaweza kuizungusha ncha kwa muda mfupi.

Chini ya mkunjo: ala ya kuning'inia

Hii ndiyo njia ya kwanza kwa aliye na mkanda chini ya kitambi. Ala haigusi mkanda. Inaning'inia kwa utepe, na ukikaa inajigeuza na kulala ubavuni mwa paja badala ya kukuchoma. Watu wa Finland wanavaa visu vyao hivi miaka na miaka, na wao wanakaa juu ya magogo na kwenye mashua kama sisi.

Utahitaji utepe wa nailoni wa mabegi wenye upana wa sentimita 4, urefu wa sentimita 40. Ringi moja ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba yenye nafasi ya ndani ya sentimita 4. Na uzi mnene wa nailoni, ule wa kushonea nyavu unafaa kabisa. Mshona mabegi anavyo vyote isipokuwa pengine ringi ya shaba, ambayo utaipata kwa wauza vifaa vya vyombo.

1. Tia kisu alani, upime mpini unaobaki nje. Tuseme ni sentimita 7. Ongeza 5. Utepe wako utashuka sentimita 12 kutoka ukingo wa chini wa mkanda hadi mdomo wa ala. Zile 5 ndizo zinazouweka mwisho wa mpini chini ya mkunjo ukiwa umekaa. Ukizipunguza kwa kuona kisu kinaning'inia mno, unarudi kwenye tabu ile ile.

2. Kunja utepe ufanye kitanzi cha mkanda. Kitanzi kizidi upana wa mkanda kwa milimita 2 au 3 tu. Kikiwa kipana, ala itateleza hadi mbele ya kinena kila ukiinama.

3. Pitisha ncha ya pili ya utepe kwenye ringi, ukunje, ushone mraba wenye msalaba katikati. Mshono wa mstari mmoja hufumuka kwa chumvi na jua. Choma ncha za utepe kwa kiberiti zisichanike.

4. Ringi ipite kwenye kitanzi kilicho nyuma ya ala, karibu na mdomo. Kitanzi hicho kiwe chembamba, sentimita 2, ili ringi izunguke kwa uhuru.

5. Vaa nyuma kidogo ya mshono wa pembeni wa suruali. Kaa, chutama, panda ngazi. Ala ijigeuze yenyewe bila kuisaidia kwa mkono.

Kasoro yake ni kubembea. Ukitembea mwendo mrefu ufukweni itakupiga paja. Dawa yake si kamba ya kufungia pajani, kwa sababu paja nene lililotoka jasho litachubuka. Chomeka ala kwenye mfuko wa nyuma au wa pembeni wa suruali ukiwa njiani, uitoe ukifika. Mfuko uwe na nafasi, na utepe ubaki umelegea kidogo.

Kuchomoa kunataka mbinu, kwa kuwa ala inayoning'inia hufuata kisu. Shika mpini, uweke kidole gumba juu ya mdomo wa ala upande wa mgongo wa kisu, usukume ala chini huku ukivuta. Kidole kisikae upande wa makali hata mara moja. Kurudisha ni mikono miwili: mkono wa kushoto unainua ala ije mbele machoni pako, umeishika katikati, vidole mbali na mdomo. Hapa ndipo ala ya kuning'inia inapoishinda ile ya mkandani. Inakuja pale unapoiona.

Juu ya mkunjo: mkanda wa bega

Anayevaa kikoi hana pa kutia kitanzi. Pindo la kikoi halibebi kisu, hata likizungushwa mara tatu, na mkanda wa ngozi juu ya kikoi kwa mwenye kitambi huteremka nacho. Mvuvi anayeingia na kutoka majini naye hataki kitu kinachoning'inia. Kwa hao wote, mkanda unaopita begani na kifuani ndio unaofaa, na kwa mtu mkubwa sana, aliye na kiuno cha sentimita 120 au zaidi, pengine ndio pekee usiochosha.

Kisu kinakaa upande wa kushoto, chini ya chuchu na juu ya pale tumbo linapoanza, kimelala mshazari, mpini ukielekea mkono wa kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze. Mbavu hapo hazikunjiki sana, jicho linaona, na mikono yote miwili inafika.

Upimaji wake ni huu. Mwenzako ashike mwanzo wa tepu pale kisu kitakapokaa, aipandishe juu ya bega la kulia, aishushe mgongoni, airudishe chini ya kwapa la kushoto hadi alipoanzia. Pima ukiwa umevuta pumzi. Ongeza sentimita 25 za kurekebishia. Tumia utepe wa sentimita 4 au 5, kwa sababu mwembamba hukata bega kwenye jasho. Tia bizimu ya plastiki inayofunguka kwa kubonyeza, na uiweke kifuani, isiwe mgongoni. Ukinaswa na wavu au kamba ya tanga, ni lazima uweze kujivua kwa mkono mmoja.

Ala ishonwe kwenye utepe sehemu mbili, mdomoni na karibu na ncha. Ikishonwa mdomoni pekee itaanguka na kuning'inia tumboni. Makali yatazame chini, kwa sababu mkono wa kulia unashika mpini kutoka juu na kisu kinatoka kikiwa tayari kwa kukata. Chomoa kwa kuelekea mbele, mbali na mwili. Ukivuta kwa kupandisha, unapitisha makali karibu na kigasha cha mkono wa kushoto.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kupanda chombo kutoka majini. Mtu mzito hupanda kwa tumbo. Hujivuta juu ya ukingo, kifua na kitambi vikasugua mbao, kisha miguu ikafuata. Chochote kilicho mbele hunasa au huchoma. Kabla ya kupanda, zungusha mkanda kisu kiende mgongoni juu ya bega, panda, ukirudishe. Kwa hili utepe ulegee kiasi cha kupitisha ngumi.

Anayevaa jaketi la kuokolea anaweza kushona ala kwenye mikanda ya kifuani ya jaketi lenyewe. Asitoboe kitambaa wala sehemu inayoelea.

Kulaza mbele

Kisu kilicholazwa sambamba na mkanda, kati ya kitovu na nyonga ya kushoto, kinamfaa yule wa kwanza: mkanda juu, tumbo gumu la duara. Kwake hakuna nyama ya kukifunika. Kiwe kifupi, jumla sentimita 20, na ala iwe na vitanzi viwili vilivyoachana sentimita 8 au zaidi ili isipinduke. Mkanda uwe mgumu, wa ngozi ya ng'ombe ya milimita 4 au tabaka mbili, upana wa sentimita 4. Mkanda laini hujikunja katikati ya vitanzi na kisu kikainamia mbele.

Aliye na mkanda chini ya kitambi asijaribu. Kitambi kitakilalia, atalazimika kuinua tumbo kwa mkono mmoja ili achomoe kwa mwingine, na kukirudisha itakuwa kwa kubahatisha.

Bwana harusi wa Lamu huvaa jambia wima katikati ya tumbo, awe mnene awe mwembamba, na linampendeza. Lakini jambia lina ala iliyopinda, mkanda wake ni mpana, na siku hiyo mwenyewe hainami kuvuta wavu. Si kipimo cha kisu cha kazi.

Shingoni, mfukoni, mguuni, mgongoni

Shingoni ni kwa kisu kidogo mno, chini ya gramu 100 pamoja na ala. Kwa mwenye tumbo kubwa kinatulia juu ya tumbo badala ya kubembea, jambo ambalo ni afadhali kuliko kwa mwembamba. Kamba yake lazima iwe na mahali pa kukatikia: unganisha ncha mbili kwa uzi wa pamba, uning'inize dumu la lita 5 lililojaa maji. Uzi usipokatika, ni mnene mno, na siku kamba ikinaswa itakunyonga. Juu ya punda au bodaboda kitie ndani ya shati.

Mfukoni ni pazuri kwa kazi za nchi kavu, na ni njia iliyosahauliwa. Ala bapa hukaa kwenye mfuko wa nyuma wa kulia au mfuko wa paja wa suruali ya kazi, ikafungwa na kamba fupi kwenye kitanzi cha mkanda ili kisu kitoke na ala ibaki. Mfuko wa paja ni bora kwa anayekaa sana, maana huna haja ya kuitoa ala ukikaa. Mfuko wa mbele usitumie. Ukikaa, ncha inaelekea kinena, na hapo ndipo mshipa mkubwa wa damu wa mguu unapopita.

Kwenye ugoko wanafunga wazamiaji. Mtu mwenye kitambi akiinama kuufikia, pumzi inakata kabla mkono haujafika. Mgongoni katikati ya mkanda usitie kabisa. Ukiteleza gatini ukaanguka chali, unaangukia chuma kwenye uti wa mgongo.

Njia moja mara nyingi haitajwi kwa kuwa si ya kubeba mwilini: kupigilia ala kwenye chombo chenyewe, ndani ya ukingo karibu na usukani, pamoja na nyingine omo, yaani mbele ya chombo. Kwa nahodha mnene anayekaa tezi, nyuma ya chombo, siku nzima ni jibu zuri kuliko yote. Mwilini abaki na kidogo cha shingoni.

Kujitengenezea ala ya paipu

Ngozi na maji ya chumvi hazipatani. Ngozi inashika chumvi, inaulowesha ubao wa kisu usiku kucha, na asubuhi unakuta madoa ya kutu hata kwenye chuma kinachoitwa hakishiki kutu. Kwa baharini, ala ya plastiki ndiyo inayofaa, na paipu ya maji ya PVC inatosha.

Paipu ikibanwa ikawa bapa, upana wake wa ndani huwa kipenyo cha ndani mara moja na nusu na kidogo. Paipu ya milimita 32 ya ukuta mwembamba ina karibu 28 ndani, hivyo inakuwa na nafasi ya milimita 44. Visu vingi vya ukubwa tuliosema, pamoja na sehemu ya mpini, vinaingia humo.

1. Kata kipande chenye urefu wa ubao wa kisu, ukiongeza nusu ya mpini na sentimita 3. Nusu ya mpini ni muhimu: ala inayoshika mpini haiachii kisu, na mpini unaobaki nje ni mfupi, kwa hiyo utepe wako nao unakuwa mfupi.

2. Zungushia ubao wa kisu karatasi tabaka mbili na utepe wa gundi. Bila hivyo ala itabana mno na kukwaruza chuma.

3. Chemsha maji kwenye sufuria ndefu. Tumbukiza paipu dakika 2 hadi 3, hadi ilegee ukiibonyeza kwa koleo. Paipu nene haitalegea vya kutosha kwa maji. Itataka mchanga uliochomwa moto kwenye karai. Usiipeleke kwenye mwale wala juu ya makaa. PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Ikianza kubadilika rangi, ondoka hapo kwanza.

4. Vaa glavu nene. Toa paipu, ingiza kisu haraka, uibane kati ya mbao mbili. Sehemu ya ubao wa kisu ibanwe kabisa, ya mpini kidogo tu. Jiliwa ikiwepo ni vyema. Isipokuwepo simama juu ya mbao, na hapa uzito wako ni faida. Una kama nusu dakika kabla haijakaza.

5. Mwagia maji baridi ikiwa bado imebanwa. Ngoja dakika 5, uchomoe.

6. Mdomo upashwe tena kwa maji ya moto na kupanuliwa kidogo kwa kijiti cha duara, upate mdomo mpana unaopokea ncha bila kubahatisha.

7. Ncha ya ala ifungwe kwa ribiti moja, ikiachwa tundu la milimita 5 la kutolea maji. Toboa kwa keekee kisu kikiwa nje, kisha ondoa mikwaruzo ya ndani kwa msasa.

Ikikaa vibaya, irudishe kwenye maji yanayochemka. PVC ina tabia ya kurudi kwenye duara lake la awali ikipashwa, nawe utaanza upya bila kupoteza kipande. Tabia hiyo hiyo ndiyo adui: ala iliyoachwa juu ya kifuniko cha injini italegea na kuachia kisu.

Ijaribu kwa kuigeuza kichwa chini juu ya mchanga na kuitikisa kwa nguvu mara kumi. Kisu kikianguka, pasha sehemu ya mpini ubane zaidi. Kama bado kinalegea, zungushia pete ya mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baisikeli, upana wa sentimita 1, ipite juu ya mpini. Mpira huo hukakamaa kwa jua, kwa hiyo uwe na wa akiba.

Anayefanya kazi nchi kavu na anapenda ngozi, amwendee mshona makubadhi, na ngozi iwe ya ng'ombe ya milimita 3 au 4. Ya mbuzi ni nyembamba mno. Jambo moja la kusisitiza kwake: kati ya kuta mbili za ala, upande wa makali, iwekwe kamba ya tatu ya ngozi ndani ya mshono. Asipoiweka, makali yatakata uzi pole pole kwa ndani, na siku moja kisu kitatokea ubavuni mwa ala na kuingia pajani mwako.

Jasho na chumvi

Chini ya kitambi na kwapani pana joto na unyevu, na ala ikisugua hapo ngozi huchubuka, kisha fangasi. Utepe na ala vikae juu ya nguo, visiguse ngozi tupu. Kila jioni suuza ala kwa maji ya bomba, mimina ndani yatoke kwenye tundu la chini, uianike kisu kikiwa nje. Chuma kipakwe mafuta ya nazi kidogo sana. Yakizidi hushika mchanga, na mchanga ndani ya ala hula makali.

Mjini

Kisu cha kazi ni cha kazini. Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya, Sura ya 56, inafanya kuwa kosa kuwa na silaha kwenye mikusanyiko ya umma, na kwenye mkutano au maandamano hakuna atakayesubiri ueleze kwamba ulikuwa unapara samaki. Barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe ina vizuizi vya ukaguzi. Kisu kiwe ndani ya mzigo pamoja na zana zako nyingine, kimefungwa, na ukiulizwa kiseme kabla hakijapatikana. Kiwanja cha ndege cha Manda au cha Malindi, kiende kwenye mzigo wa kukabidhi.

Na kwa kuwa kuna sala katikati ya kazi, chagua njia inayovuliwa haraka bila kufungua mkanda wa suruali. Kwenye rukuu na sijida, kisu cha shingoni hubembea mbele ya uso na cha kiunoni kinachoma tumbo. Utepe wa kuning'inia ukitiwa vifungo viwili vya chuma vya kubonyeza kwenye kitanzi cha juu badala ya kushonwa moja kwa moja, unatoka na ala yake yote kwa mkono mmoja. Viwe viwili, kwa sababu kimoja hufunguka chenyewe ukikaa. Kisu kivuliwe pamoja na ala, kiachwe chomboni au kwa mwenzako. Kukichomoa kitupu na kukiegemeza mlangoni mwa msikiti, watoto wakipita, haifai.